Kupima mnyumbuko na presha kwa kifaa kimoja: mfano wa bomba la maji

Kifaa cha kukusanya data kinasoma volti, basi. Bar, megapaskali, maikrostreni na kila kipimo kingine kinachoonekana kwenye skrini kimetokana na volti hizo baada ya kupita kwenye mipangilio aliyoiandika mtu: aina ya daraja (saketi ya rezista nne tutakayoieleza), upeo wa kuingiza, volti ya kulisha, idadi ya sampuli kwa sekunde, namba ya kuzidishia. Mpangilio mmoja ukikosewa, mara nyingi kifaa hakilalamiki. Kinaendelea kuchora grafu laini ya kitu ambacho hakipo.

Wanaopata taabu zaidi ni wanaotakiwa kupima mnyumbuko, yaani kiasi ambacho kitu hurefuka au kufupika kinapokazwa, na presha kwa pamoja. Kwa macho, kazi inaonekana ni ileile: kihisi, waya, chaneli. Lakini vihisi hivi viwili vina matatizo tofauti kabisa, na anayevipa mipangilio inayofanana ataharibu walau kimoja. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Chukulia bomba la chuma linalopandisha maji mlimani kutoka kituo cha pampu: kipenyo milimita 200, unene wa ukuta milimita 5, presha ya kawaida bar 20. Juu ya chuma tumebandika geji ya mnyumbuko, imelala kufuata mzunguko wa bomba na si urefu wake. Jirani yake tumefunga kihisi cha presha kinachogusa maji. Nimechagua bomba kwa makusudi, kwa sababu presha ya ndani ndiyo inayotanua chuma cha nje, kwa hiyo kihisi kimoja kinaweza kumsuta mwenzake. Kwenye mashine nyingi nafasi hiyo haipatikani.

Hesabu kabla ya nyaya

Kabla ya kufungua programu yoyote, kadiria kwenye karatasi unachotarajia kukiona. Bar 20 ni megapaskali 2. Mkazo unaozunguka ukuta wa bomba jembamba ni presha mara kipenyo, gawanya kwa unene wa ukuta mara mbili: 2 × 200 ÷ 10, yaani megapaskali 40. Chuma kinahitaji mkazo wa takriban megapaskali 0.2 ili kirefuke kwa sehemu moja katika milioni, na sehemu hiyo moja katika milioni ndiyo maikrostreni moja. Kwa hiyo mkazo wa mzunguko peke yake ungetoa maikrostreni 200. Bomba lililozibwa ncha zake linavutwa pia kwa urefu, na mvuto huo unapunguza mtanuko wa mzunguko hadi maikrostreni 170. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Ni kidogo kiasi gani? Geji yenye urefu wa milimita 5 itarefuka kwa chini ya maikroni moja.

Kwamba waya wa metali ukivutwa ukinzani wake wa umeme unabadilika, ni jambo aliloliripoti William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, mwaka 1856. Ilichukua hadi 1938 kabla ya Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts, kila mmoja kivyake, kuubandika waya huo kwa gundi juu ya kitu kinachopimwa. Geji nyingi za leo ni utando wa konstantani, aloi ya shaba na nikeli, uliochorwa mistari juu ya plastiki nyembamba. Ukinzani wake hubadilika kwa kiwango cha karibu mara mbili ya mnyumbuko wenyewe, na hiyo “mbili” ndiyo kigezo cha geji kinachoandikwa kwenye pakiti. Geji ya omu 350, ikinyumbuka maikrostreni 170, itafika omu 350.119.

Badiliko la omu 0.119 juu ya 350 ni vigumu kulisoma moja kwa moja. Ndipo linapokuja daraja la Wheatstone, ambalo kwa haki ya historia lilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, kisha Charles Wheatstone akalifanya lijulikane miaka 10 baadaye. Rezista nne hupangwa kama almasi. Pembe mbili zinazotazamana hulishwa volti, na pembe mbili zilizobaki ndizo zinazosomwa. Rezista zote zikiwa sawa, tofauti kati ya pembe hizo mbili ni sifuri, na hapo ndipo faida ilipo: ishara inaanzia sifuri badala ya kuanzia juu ya mlima wa volti. Geji ikiwa moja tu na rezista tatu zikiwa za kudumu, tunaita robo daraja. Ishara yake ni kigezo cha geji mara mnyumbuko, gawanya kwa nne, kwa kila volti ya kulisha. Kwa bomba letu ni milivolti 0.085 kwa volti. Tukilisha volti 5, tunapata milivolti 0.425.

Sasa tazama upande wa presha. Kihisi cha bar 0 hadi 40 kinachotoa miliampea 4 hadi 20, kikipitishwa kwenye rezista ya omu 250, kinatoa volti 1 hadi 5. Kwa bar 20 kitatoa miliampea 12, yaani volti 3. Volti 3 kwa milivolti 0.425: ishara moja ni kubwa kuliko nyingine karibu mara 7,000, na zote mbili zinasimulia tukio lilelile la bar 20. Mengi yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Upeo kwanza, biti baadaye

Kadi ya kawaida ya kukusanya data, ya biti 12, yenye upeo wa volti 0 hadi 10 inagawanya upeo huo kwa hatua 4,096. Kila hatua ni milivolti 2.44. Kwa presha inatosha sana, maana hatua moja ni bar 0.024. Kwa mnyumbuko haioni kitu: bomba litapanda kutoka tupu hadi bar 20 na ishara haitafika hata robo ya hatua moja. Mtu anayekutana na hali hii hukimbilia kununua kadi ya biti 16. Kwa upeo wa volti −10 hadi +10, kadi hiyo ina hatua za milivolti 0.305, kwa hiyo safari nzima ya bomba ni hatua moja na kidogo. Pesa imetumika, grafu ni ngazi.

Kinachotakiwa ni kubana upeo. Biti zilezile 16, zikitandazwa kati ya milivolti −50 na +50, zinatoa hatua za maikrovolti 1.5, na kwa kuwa maikrostreni moja kwenye robo daraja letu ni maikrovolti 2.5, sasa tunaona chini ya maikrostreni moja. Kubana huko hufanywa na kikuza kilicho mbele ya kigeuzi, sehemu inayogeuza volti kuwa namba. Kwenye vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya daraja kimo tayari. Moduli ya NI 9237, kwa mfano, ina chaneli 4 za biti 24 na upeo wa milivolti ±25 kwa kila volti ya kulisha. Kwa wenye bajeti ya mwanafunzi, chipu ya HX711 inayouzwa pamoja na vifaa vya Arduino ina kikuza cha mara 128, upeo wa milivolti ±20 inapolishwa volti 5, na biti 24 vilevile. Ni chipu nzuri kuliko bei yake. Kasoro yake kwa bomba letu ni mwendo, tutaifikia.

Tahadhari mbili. Biti 24 za kwenye tangazo si biti 24 za kipimo, kwa sababu za mwisho humezwa na kelele. Swali la maana ni hili: daraja likiwa limeunganishwa na bomba likiwa limetulia, namba inacheza kwa maikrostreni ngapi? Ya pili ni kwamba usibane upeo hadi ukaribie ishara yenyewe. Geji nyingi huuzwa na ukinzani unaoweza kukosea kwa asilimia 0.3, na kosa hilo peke yake hulipindua daraja hadi milivolti 0.75 kwa volti. Hiyo ni karibu mara 9 ya ishara tunayoitafuta, na ipo hata kabla pampu haijawashwa. Upeo lazima uibebe hiyo, uibebe ishara, na ubaki na nafasi ya pigo la maji, yaani mruko wa presha maji yanaposimama ghafla.

Nyaya zinavyoharibu robo daraja

Mpangilio unaouliza kama chaneli isomwe kama waya mmoja dhidi ya ardhi ya saketi, au kama tofauti ya nyaya mbili, si jambo la kuchagua upendavyo. Pembe mbili za daraja zinazosomwa zote ziko katikati ya volti ya kulisha. Ukilisha volti 5, kila moja iko karibu na volti 2.5 juu ya ardhi. Ukiseti kwa waya mmoja dhidi ya ardhi, umeunganisha pembe mojawapo na ardhi ambayo pia ni hasi ya kulisha, na tayari umeufupisha mkono mmoja wa daraja. Namba itatokea, lakini haitahusiana na bomba. Daraja husomwa kwa tofauti siku zote.

Aina ya daraja nayo lazima ilingane na kilichobandikwa. Ukiwa na geji moja unahitaji rezista tatu za kukamilisha, na ile iliyo nusu moja ya daraja na geji inatakiwa iwe ya omu zilezile. Moduli nyingi zina nusu moja ya daraja ndani na zinakutegemea wewe ulete nusu ya pili. Geji ya omu 120 ikikutanishwa na rezista ya omu 350, daraja litaegemea upande mmoja na namba itabana ukutani pale pale.

Kisha urefu wa waya. Mita 10 za waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi, zina takriban omu 0.7. Omu hizo zikikaa kwenye mkono mmoja na geji ya omu 350, kifaa huzisoma kama maikrostreni 1,000 ambazo hazipo. Hilo tungeweza kulifuta kwa kuweka sifuri. Kisichofutika ni jua. Waya ukipata joto la nyuzi 10 zaidi, ukinzani wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 4, na grafu inasogea kwa maikrostreni 39. Ishara yetu yote ni 170. Mchana bomba “litatanuka”, usiku “litasinyaa”, na mtu ataandika ripoti kuhusu chuma kumbe amepima waya.

Dawa yake ni waya wa tatu. Geji inabaki na miguu miwili, lakini mguu mmoja unatolewa nyaya mbili: moja inabeba umeme, nyingine inakwenda kusoma tu. Kwa mpangilio huo waya mmoja unakuwa kwenye mkono wa geji na mwenzake kwenye mkono wa jirani. Zikiwa na urefu sawa na joto sawa, zinafutana. Kinachobaki ni upungufu wa usikivu wa asilimia 0.1 kwa mfano wetu, ambao programu nyingi huurekebisha ukiandika ukinzani wa waya. Kwa maoni yangu, robo daraja la nyaya mbili halifai kabisa nje ya meza ya maabara, hata kwa mita tatu.

Kwa daraja kamili, ambalo mikono yote minne ni geji, tatizo la waya linahamia kwenye volti ya kulisha: volti 5 zinazotoka kwenye kifaa hufika mwisho wa kebo zikiwa pungufu. Hapo hutumika nyaya mbili za ziada zinazorudisha taarifa ya volti halisi iliyofika, na kifaa hugawanya ishara kwa volti hiyo. Kama kifaa chako kina nafasi hizo na hukuziunganisha, soma maelekezo yake kuhusu kuzifunga kwenye volti ya kulisha, maana zikiachwa hewani namba hutangatanga.

Volti ya kulisha yenyewe ipandishwe kwa kiasi. Ikiongezeka, ishara inakua, lakini geji inapata joto. Geji ya omu 350 kwenye daraja la volti 5 inatoa joto la takriban miliwati 18, na kwa volti 10 ni miliwati 71. Omu 120 kwa volti 10 ni miliwati 208, ambazo bomba la chuma lililojaa maji huenda likazimeza, lakini bomba la plastiki haliwezi. Kwa bomba letu volti 5 zinatosha. Kwa plastiki ningeanza na 2.5 au chini yake.

Presha: ishara kubwa, mitego mingine

Kihisi cha miliampea 4 hadi 20 ni rahisi kukiunganisha, na kinavumilia kebo ndefu kwa sababu mkondo ni uleule mwanzo na mwisho wa waya. Kwamba kinaanzia 4 badala ya 0 ni busara ya viwandani. Waya ukikatika mkondo ni 0, na hakuna atakayedhani kuwa presha imeshuka. Pendekezo la NE 43 la NAMUR, jumuiya ya watumiaji wa vifaa vya otomatiki viwandani, linaweka mstari zaidi: kati ya miliampea 3.8 na 20.5 ni kipimo halali, 3.6 kushuka chini au 21 kupanda juu ni dalili ya hitilafu. Kwa hiyo usikate namba za chini ya 4 kwenye programu ili grafu “ipendeze”. Hizo ndizo zinazokuambia kihisi kimekufa.

Rezista ya omu 250 ndiyo inayogeuza mkondo kuwa volti, kwa hiyo usahihi wake ni usahihi wa kipimo. Rezista ya kawaida ya asilimia 5 inaweza kukupa kosa la bar 1.5 penye bar 20. Tafuta ya asilimia 0.1, kisha ipime. Hakikisha pia kihisi kinabakiwa na volti za kuishi. Chanzo cha volti 24, ukiondoa volti 5 zinazobaki kwenye rezista mkondo ukifika miliampea 20, kinaacha 19, na kebo inakula kidogo. Ukiziweka rezista mbili za namna hiyo mfululizo ili ulishe vifaa viwili, zinabaki 14, na vihisi vingine hapo huanza kudanganya karibu na kilele tu. Ni kosa gumu kulinasa kwa sababu chini ya hapo kila kitu ni sahihi.

Vipo pia vihisi vya volti 0.5 hadi 4.5 vinavyolishwa volti 5. Hivi hupima kwa uwiano, kwamba volti ya kulisha ikishuka kwa asilimia 2, ishara nayo inashuka hivyohivyo. Chukua chaneli moja ya ziada uisome volti ya kulisha, kisha ugawanye. Gharama yake ni waya mmoja.

Halafu kuna swali linalosahaulika wakati wa kuagiza: presha dhidi ya nini? Kihisi cha presha kamili huhesabu kuanzia ombwe, na kihisi cha presha ya geji (jina tu, si geji yetu ya mnyumbuko) huhesabu kuanzia hewa ya mahali kilipo. Kihisi cha presha kamili kilichoachwa wazi hewani kitasoma karibu bar 1.01 Dar es Salaam na karibu bar 0.83 Nairobi, kwa sababu Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Bomba linalonyumbuka halijali ombwe, linajali tofauti kati ya maji ya ndani na hewa ya nje. Kwa kazi yetu kinachofaa ni cha presha ya geji.

Ndani ya vihisi vingi vya presha, kwa njia, limo daraja lilelile la Wheatstone, ila limechongwa kwenye silikoni. Charles Smith wa Bell Labs alionyesha mwaka 1954 kwamba silikoni na germaniamu hubadili ukinzani kwa kiwango kikubwa mno zinapokazwa, mara makumi ya metali. Ndiyo maana vihisi vya bei nafuu visivyo na kikuza hutoa milivolti tu. Hivyo viseti kama daraja kamili, si kama volti. Na vile vya piezo, vinavyotoa chaji, haviwezi kushikilia presha iliyotulia. Kwa bar 20 zinazokaa saa nzima vitarudi sifuri taratibu. Vinafaa kwa mapigo peke yake.

Mwendo wa sampuli

Bomba likiwa tulivu, sampuli 10 kwa sekunde zinatosha na HX711 itafanya kazi vizuri sana. Lakini watu hawapimi mabomba kwa sababu ya utulivu. Wanapima kwa sababu ya siku umeme unapokatika, pampu inasimama, maji yanarudi nyuma na vali ya kuzuia inajipiga kufunga.

Nikolay Joukowsky alilichunguza pigo hilo kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kulichapisha mwaka 1898. Kanuni yake ni fupi: ongezeko la presha ni uzito wa maji kwa mita ya ujazo, mara mwendo wa wimbi ndani ya bomba, mara kiasi cha mwendo wa maji kilichozimwa ghafla. Kwa bomba letu wimbi husafiri karibu mita 1,200 kwa sekunde. Ukizima ghafla maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde, presha inaruka kwa takriban bar 12, na geji itaona maikrostreni 100 juu ya zile 170. Mruko huo unaweza kuchukua milisekunde chache tu. Sampuli 10 kwa sekunde huachana milisekunde 100, na hata ukiiseti HX711 kwenye mwendo wake wa juu wa 80, huachana milisekunde 12.5. Uso wa wimbi utapita katikati ya sampuli mbili. Kwa kazi hii ningeanza na sampuli 2,000 kwa sekunde kwa kila chaneli.

Kuna hatari iliyo mbaya zaidi kuliko kukosa pigo, nayo ni kuona kitu ambacho hakipo. Pampu yenye mabawa 6 inayozunguka mara 1,480 kwa dakika inatikisa maji mara 148 kwa sekunde. Mtu akikusanya sampuli 150 kwa sekunde, mtikisiko huo utaonekana kwenye grafu kama mawimbi ya taratibu, mara 2 kwa sekunde. Yatafanana kabisa na maji yanayosukasuka bombani. Umeme wa gridi wa hezi 50 ukiingia kwenye waya nao unaweza kufanya vivyo hivyo kwa mwendo mwingine wa sampuli. Na ukishahifadhi data hiyo hakuna wastani wala hesabu itakayoutoa, kwa sababu namba zenyewe ni zilezile ambazo mawimbi ya kweli yangetoa. Kichujio lazima kiwe kabla ya kigeuzi. Vigeuzi vya aina ya delta-sigma huja nacho ndani. Kadi za bei nafuu zenye kigeuzi kimoja kinachozungukia chaneli zote kwa kawaida hazina, kwa hiyo weka rezista na kapasita kwenye mlango wa kila chaneli, au kusanya kwa mwendo mkubwa kisha upunguze kwa programu.

Upande wa presha, angalia kama kihisi chako kina mpangilio wa kutuliza. Vihisi vingi vya viwandani huuzwa kwa ajili ya skrini za waendeshaji, na hutulizwa ili namba isichezecheze. Kihisi kilichotulizwa kwa sekunde moja hakitaliona pigo, hata ukikikusanya mara milioni kwa sekunde.

Mwisho, saa. Ukisoma geji kwa kifaa kimoja na presha kwa kingine, kila kimoja kina saa yake. Saa zinazopishana kwa sehemu 50 katika milioni huachana milisekunde 180 kwa saa moja. Vifaa vyote vitumie saa ileile, au rekodi ishara moja kwenye vifaa vyote viwili ili uzilinganishe. Hata ndani ya kifaa kimoja, moduli ya delta-sigma huchelewesha ishara kwa sababu ya kichujio chake. Ucheleweshaji wa sampuli 40 kwa mwendo wa 2,000 ni milisekunde 20, na katika muda huo wimbi limeshasafiri mita 24. Anayetafuta pigo limeanzia wapi asiupuuze.

Sifuri na jaribio la rezista

Kabla ya kuweka sifuri jiulize bomba liko katika hali gani. Ukibonyeza sifuri bomba likiwa na bar 18 za maji yaliyosimama, geji itapima tofauti kutoka hapo, wakati kihisi cha presha kitaendelea kuhesabu kutoka hewani. Si kosa, mradi limeandikwa. Kinachofaa zaidi ni kuweka sifuri presha ikiwa sifuri kweli, asubuhi na mapema kabla jua halijapiga. Chuma hutanuka karibu maikrostreni 12 kwa kila nyuzi moja ya joto. Geji zinazouzwa kwa ajili ya chuma zimetengenezwa zifute sehemu kubwa ya mtanuko huo, lakini ukichukua ile ya alumini ukaibandika kwenye chuma, jua litakuandikia grafu. Namba ya metali iko kwenye pakiti. Iangalie kabla ya gundi.

Kisha kuna jaribio ambalo huchukua dakika moja na ambalo wengi huliruka: kuweka rezista kubwa sambamba na geji. Rezista ya omu 100,000 ikiwekwa sambamba na geji ya omu 350 hupunguza ukinzani kwa kiasi kinachojulikana, na kwa kigezo cha geji cha 2.00 kifaa lazima kisome karibu −1,744 maikrostreni. Ukitumia omu 174,650 inakuwa −1,000. Vifaa vingi vya daraja vina rezista hiyo ndani na unaiwasha kwa programu. Kama namba ni nusu, robo au mara mbili, aina ya daraja imekosewa. Kama imepotoka kwa asilimia chache, tafuta ukinzani wa waya au kigezo cha geji: pakiti iliyoandikwa 2.11 na programu iliyoachwa 2.00 hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 5. Jaribio hili huthibitisha saketi kuanzia geji hadi skrini. Halithibitishi gundi.

Kuvishindanisha vihisi

Gundi ndiyo inayothibitishwa na maji. Pandisha presha polepole kutoka sifuri hadi bar 20 kisha ishushe, na uchore mnyumbuko dhidi ya presha, si dhidi ya muda. Kwa bomba letu unatarajia mstari ulionyooka. Mteremko wake unategemea bomba limefungwaje. Ncha zikiwa zimezibwa na huru kusogea ni maikrostreni 8.5 kwa kila bar. Likiwa limezikwa au limekazwa lisirefuke ni karibu 9.1. Likiwa na viungio vinavyoteleza, visivyobeba mvuto wa urefu, ni 10. Ukipata namba kati ya hizo, vihisi viwili visivyojuana vimekubaliana na chuma. Sijui kibali kilicho bora kuliko hicho kwa mipangilio ya kifaa.

Mstari ukiwa umenyooka lakini mteremko ni 4 au 20, rudi kwenye aina ya daraja, au kwenye upeo wa kihisi cha presha ulioandikwa vibaya. Ukiwa 11 au 7.5, pima unene wa ukuta kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kabla ya kulaumu umeme, maana kutu hupunguza chuma na mnyumbuko hukua kwa kiwango hichohicho. Mstari ukinyooka kisha ukalala ghafla karibu na kilele, ama upeo wa chaneli ya geji umejaa, ama kihisi cha presha kimekosa volti. Tazama ni upande gani wa grafu uliokwama.

Na kama njia ya kupanda na ya kushuka hazipitani juu ya mstari mmoja bali zinafanya kitanzi, rudia jaribio kwa mwendo wa taratibu zaidi. Kitanzi kikisinyaa, chaneli mbili zimepishana kwa muda, au kihisi cha presha kimetulizwa. Kikibaki vilevile, na geji ikakataa kurudi sifuri maji yakishatoka, gundi inateleza. Ibandue, sugua chuma upya kwa msasa, safisha mafuta, na ubandike geji nyingine, kwa sababu iliyobanduliwa haitumiki tena.